Mkono Ulilala, Naila Hakulala

Mengo, Kampala
9 Machi 1976

Baba Naila,

Salaam nyingi. Huku sabuni haionekani, na sukari ni ya kubahatisha, lakini tu wazima.

Binti yako alianguka kwenye mpapai akavunjika mkono. Hospitalini dawa ya kumlaza hakuna, basi daktari akamchoma sindano kwapani, mkono peke yake ukalala. Wakampasua, wakaunga mfupa, naye yu macho anapiga soga! Mpaka leo sielewi.

Mimi nilisimama mlangoni. Ili asiogope, daktari alimwuliza habari za nyumbani. Naila akasema, "Baba hakufa. Yuko Mombasa. Mama alikaa eda ya uongo."

Miezi minne na siku kumi nilijifunika nyeupe mbele ya majirani na askari waliokusaka, yeye kayamwaga yote kwa pumzi moja. Sijui hata aliyajua lini.

Daktari aliendelea kushona. Alipotoka akaniambia, "Pole sana kwa kufiwa na mumeo."

Sasa ananisitiri, au ananionya?

Barua hii anakuletea Hippolyte, dereva wa lori. Usijibu.

Naila alikuulizia jana. Nilimwambia umekufa kweli. Alilia sana. Ameniamini.

Mjane wako,
Kulthum