Mlango Nilioujenga Nikauziba

Turffontein, 2017

Neema, mjukuu wangu,

Huku tuko wazima. Shangazi yako anasuka nywele Rosettenville, na watoto wake wananijibu kwa Kizulu. Eish!

Umeniuliza nchi inasimamaje tena baada ya vita. Shule mimi niliionja tu, lakini kwa matofali hakuna aliyenishinda. Vita vilipokwisha, chifu aliniita nijenge nyumba ya baraza, mashamba yagawiwe humo. Watu waliotekwa na kutumikishwa na waasi walikuwa wamerudi, bibi yako akiwemo. Walibeba matofali kwenye salongo, ile kazi ya pamoja, na kijiji kizima, lakini chifu akasema barazani hawaingii, kwamba ni watu wa waasi.

Bibi yako akanicheka: "Fundi mzima, unajenga mlango wa kunifungia nje!"

Asubuhi ya kugawa mashamba, chifu na wazee wakakuta mlango nimeuziba kwa matofali.

"Fungua, we kichwa ngumu!" chifu akafoka.

"Wataingia wote, ama haingii mtu."

Jua likawachoma. Mwishowe wazee wakaketi nje, chini, katikati ya wale waliokataliwa, na mashamba yakagawiwa palepale kwa wote. Ndipo nikabomoa. Wa kwanza kuingia alikuwa bibi yako.

Mihogo unayokula inatoka shamba lake. Usikubali likuponyoke.

Babu yako, fundi asiye na mwenzake.