Pengo la Tuta la Lumemo

Lumemo, Ifakara

Shangazi Agnella,

Shikamoo. Natumaini huko Uchindile mvua imepungua. Mama yuko kwangu tangu Jumanne, na kuku wake watatu wamepona.

Uliulizia kazi yangu ya kompyuta. Tulipiga picha tuta la mto kwa droni, tukapata umbo lake kwenye kompyuta, lililoungwa kwa pembetatu ndogondogo milioni tisa. Simu za watu zisingeweza kulifungua, ikabidi tupunguze pembetatu. Nilijaribu njia mbili. Ya kwanza huunganisha nukta zote zilizo karibukaribu. Ni ya haraka, lakini ilifuta pengo la tuta nyuma ya nyumba ya mama. Ya pili huanza kwa kuondoa pembetatu ambazo zikitoka umbo halibadiliki. Ilikawia, na faili likabaki zito kidogo, lakini pengo lilionekana.

"Tumia ile nyepesi," bosi wangu Sylvester akaniambia.

"Inaficha pengo, bosi."

"Pengo dogo tu, Natalia. Watu wanataka kitu kinachofunguka."

Nikawatumia ile nyepesi. Kwenye mkutano wa wakazi watu waliona tuta lisilo na pengo kwenye simu zao, wakaahirisha kulijaza tuta udongo. Sikuwaambia kuhusu pengo. Najikasirikia, Shangazi, maana lile umbo sahihi lilikuwa kwenye kompyuta niliyoipakata.

Mto ulipofurika, maji yakapita palepale penye pengo, yakabomoa jiko na chumba cha mama.

Jana mama akaniuliza, "Mwanangu, ulijua?"

Nikamwambia nilijua. Akaendelea kuchambua mchele, na hajanisemesha tena. Njoo, tafadhali. Labda wewe atakujibu.

Mimi mwanao,
Natalia