Kwa Mama Tryphena, Mwalimu wa Darasa la Kipaimara, Voi

Mama, leo tarehe 14 Agosti 1958 mwaka umetimia tangu tukuzike hapa Voi. Baba alitaka mzee wa kanisa aandike tangazo hili la kumbukumbu yako. Kisha akasema hapana, ataandika Lois, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nawe hospitalini. Basi ni mimi, binti yako wa pekee, na wasomaji watanivumilia.

Nyumba yetu ya reli ni vyumba viwili tu, lakini siku hizi ni kubwa kupita kiasi. Baba akirudi kutoka stesheni tunakula, tunaosha vyombo, tunalala. Bado napondaponda mihogo na maharage, napika kimanga cha watu watatu, na asubuhi nampelekea jirani yetu Mwanamina kilichobaki. "Mwanangu, wapika kingi mno," husema, lakini hupokea.

Ulizaliwa Mraru, ukaolewa na Silvanus, aliyekwenda Moshi kwa kazi ya reli akarudi Mlutheri. Shangazi Wakesho alikutania kwamba uliolewa na mume na dhehebu siku moja. Walutheri wa Voi tulitosha benchi sita, na Mchungaji alitufikia kwa treni ya Moshi mara nne kwa mwaka. Miezi mingine yote watoto walikuwa wako.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikuja kutoka nyumba za reli na kambi za mkonge, vumbi jekundu mpaka magotini. Uliweka karai la maji mlangoni, ukawaosha wadogo wewe mwenyewe. "Hii ni miguu ama ni mihogo?" uliwauliza, nao wakacheka hata kabla ya sala.

Hukuwahi kushika fimbo darasani. Sheria yako ilikuwa moja: "Kama hujui, sema hujui. Tutatafuta pamoja." Siku moja Mwanzia, mtoto wa fundi wa injini, aliuliza kwa nini Mungu aliikataa sadaka ya Kaini. Ulisema hujui, na Mchungaji alipokuja ukamwuliza mbele yetu sote. Alifikiri mpaka treni ikapiga honi, akaondoka akiwa bado anafikiri. Watoto walikupenda zaidi kwa hilo.

Machi mwaka jana tulikuwa sita tuliojiandaa kwa kipaimara, ili tuikaribie meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Ulimpa Mchungaji majina matano. Langu halikuwemo, ingawa nilijua katekisimu kuliko wote, na gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa.

"Tryphena, watu watatuonaje?" Baba aliuliza. "Mtoto wa mwalimu!"

"Watuone tu," ukasema. Kisha ukanigeukia. "Lois, kila mtoto wa darasa ameshaniambia hajui. Wewe, miaka mitatu, hujaniambia hata mara moja."

"Kwa sababu najua yote, Mama."

"Basi ngoja kidogo, mwanangu."

Nilikukasirikia. Mwezi mzima nilikujibu ndiyo na hapana tu, na wewe ukaendelea kuniwekea chai kama kawaida. Ningejua kwamba miezi iliyobaki ni mitano, nisingekunyima hata neno moja. Homa ya mapafu ilikumaliza kwa siku tisa.

Mchungaji alipokuja Oktoba aliniambia kwamba sasa jina langu litapita bila shida. Nikakataa, na sikurudi kanisani mpaka Pasaka. Baba alijaribu kushika darasa lako. Anajua kubadili njia za treni, lakini watoto anawaogopa, na kumi na wanne wakawa watano. Wazee wakakata shauri lifungwe. Hapo nikasema nitakaa nao mimi, maana Jumamosi bila sauti zao zilikuwa zinanishinda.

Wiki ya tatu Wakio, mtoto wa miaka minane, aliniuliza, "Mwalimu, mama yako saa hii anatuona?" Jibu nilikuwa nalo, na aya yake. Nikafungua kinywa, nikasikia ninasema, "Sijui, Wakio." Nililia mbele yao wote. Walisogeza viti, wakakaa karibu nami, na siku hiyo hatukusoma kitu tena. Jumamosi iliyofuata walirudi, na wengine wakaja nao. Sasa ni tisa.

Jumapili ijayo Mchungaji anakuja. Jina langu nimempelekea mwenyewe. Gauni limenibana mabegani, shangazi Wakesho ameliongezea kitambaa. Nitasimama peke yangu, maana wenzangu wote walishapita, na kwenye benchi la mbele hutakuwepo. Nimejiambia nitaweza, lakini ukweli ni kwamba nimekukosa kila siku ya mwaka huu, na siku hiyo nitakukosa zaidi.

Kabla sijasimama, kuna jambo ambalo hata Baba halijui. Atalisoma hapa. Asubuhi ile ya mwisho hospitalini ulinishika mkono ukaniuliza, "Lois, unaogopa?" Nikasema siogopi. Nikakupa jibu zima la darasani juu ya ufufuo, bila kukosea hata neno. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Ukasema, "Haya, mama," ukafumba macho, na hukuniuliza kitu tena.

Niliogopa, Mama. Niliogopa sana, nami nilitaka uniambie na wewe unaogopa.

Unakumbukwa na mumeo Silvanus, mwanao Lois, wifi yako Wakesho, ndugu zako wote wa Mraru, jirani yako Mwanamina, na watoto tisa wa Jumamosi.

Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa.