Kesho Mama Atasikia Uliyoniambia Kwenye Simu

Baba Zaituni wangu,

Kesho natakiwa mahakamani, na tangu alfajiri nazunguka tu jikoni. Ungekuwepo ungenicheka. Ungesema, "Mama Zaituni, jaji haumi," kisha ungeagiza chai. Haya, cheka huko uliko. Mimi huku nimesimama na sufuria mkononi, wala sikumbuki nilitaka kupika nini.

Unakumbuka tulivyopanda ndege kwenda kaskazini, kwenye harusi ya dada yako? Nilifumba macho njia nzima. "Wewe hata ndege ya karatasi ikipita unasoma shahada!" ukanitania mbele za watu. Tukazunguka angani, tukazunguka, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamelala pale pa kutua ndege, mpaka bwana mmoja akaja na baiskeli kuwafukuza. Tuliposhuka nikakuonyesha gari la zimamoto: tairi hazina upepo, kuku wanataga ndani. "Sasa tukiungua tutazimwa na kuku?" nikakuuliza. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Banange, jamani, nilipenda kicheko chako, lakini siku ile nilitaka kukufinya.

Uwanja ni ule ule ndege yako ilikoteleza ikitua, ikaanguka na kushika moto. Wakili wetu, binti wa Kyambogo mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu, amefungua kesi kwa ajili ya abiria wote, hata ambao bado hawajapanda. Hatudai fidia. Tunataka mahakama iamuru viwanja vidogo viwe na uzio na zimamoto inayotembea, la sivyo vifungwe. Wenye uwanja wanajibu kwamba zimamoto isingesaidia kitu, eti wote mlikufa papo hapo.

Waongo! Si ulinipigia? "Tumeanguka, lakini mimi mzima. Mguu tu umebanwa. Wanasema zimamoto inakuja." Ukauliza kama Zaituni ametoka madrasa. Ukakohoa, ukaongea, ukakohoa tena, mpaka simu ikakatika. Nimeyaapia hayo kwa maandishi, na sasa mawakili wao wanataka kunihoji ana kwa ana. Nisipofika, ushahidi wangu unatupwa, na sina habari ya mwingine aliyepiga simu.

Lakini nimo kwenye eda. Sitoki, sijipaki manukato, na majirani hapa Nateete wananichunga hata nikifungua dirisha. Kaka yako alisema nikitoka nitakuaibisha kaburini. Nikuambie kweli? Nilishusha pumzi. Nikajificha nyuma ya eda, maana Mama, mama yako, hajui kwamba ulinipigia.

Siku ya maziko mama yako alinishika mashavu, akaniuliza, "Mwanangu aliteseka?" Nikamwambia hapana, Mama, ilikuwa ghafla. Ningesema nini? Tangu hapo analala, anakula. Kila anayekuja kutoa pole anamwambia, "Alhamdulillahi, hakuhisi kitu." Mimi namimina chai.

Leo mchana akarudi kutoka kwa shehe. Alikwenda kuuliza mwenyewe, na ameambiwa mjane anaweza kutoka mchana kwa jambo la lazima, mradi usiku alale nyumbani kwake. Kaka yako akaanza kunung'unika. Mama akamkata: "Nyamaza wewe! Nitakwenda naye mimi. Nitakaa ubavuni mwake, nimwone atakayefungua mdomo." Nikamkumbatia. Nilimpigia wakili, akashauri Mama angoje nje. Angoje nje! Wakili hamjui mama yako.

Naogopa, mume wangu. Naogopa kuliko nilivyoogopa juu ya ng'ombe wale. Je, moyo wake ukishindwa? Je, asipotaka kuniona tena? Lakini nikinyamaza, itaandikwa kwamba hapakuwa na mtu wa kuokolewa pale, na wewe ulikuwepo, unaongea, unamngoja mtu. Wala siwezi kumwacha Mama ayasikie haya kwanza kwa mtu wa joho ambaye hata jina lako atalitafuta kwenye makaratasi.

Mama yuko sebuleni, anapiga pasi buibui lake la kesho.

Kuna neno moja sijamwambia mtu, hata wakili. Uliniambia, "Mama usimwambie, atahangaika bure. Nitamweleza mwenyewe nikifika nyumbani."

Nilikungoja. Hukufika. Sasa naenda kumwambia mimi.

Mungu akupe nuru huko uliko.

Mkeo,
Mama Zaituni