Mashine Yenye Adabu

Kishapu, 4 Machi 2022

Mayu Hosiana, mama yangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia huko Masumbwe hata kama sijasikia. Mimi mzima, goti tu ndilo linalojifanya mzee. Kompyuta ya kwanza ya kampuni yako imefika. Nimeiwasha, ikanidai neno la siri. Hata salamu! Nimeifunika gunia la michembe, viazi vyetu vikavu, mpaka ipate adabu. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini kuamkia nilijua kabla ya a, e, i.

Baba yako, Mageni


Masumbwe, 19 Juni 2022

Baba shikamoo,

Goti linaendeleaje? Huku wazima. Fundi wetu Donatus anakuja na dawa ya mashine yako: ukiiwasha itaandika shikamoo, ukijibu marahaba inafungua. Nilifanya kwa utani, baba, sasa wazee wa Rwamgasa wananunua ili waamkiwe tu! Ukanda huu wote hakuna mwingine anayeunda kompyuta.

Mwanao, Hosiana


Masumbwe, 2 Februari 2024

Baba shikamoo,

Habari za afya? Mimi mzima wa mwili. Simu za bei chee zimetumaliza. Kuna kampuni ya mjini itatuchukua, mafundi wote wabaki, ila salamu ifutwe. Eti inachelewesha watu. Nisiposaini, nafunga karakana. Nimechoka, baba.

Mwanao


Kishapu, 10 Februari 2024

Marahaba, mayu.

Goti zima, leo kinachouma ni roho. Inawachelewesha kwenda wapi, wanaharisha? Wape meza, wape mabati, wape na choo cha karakana. Shikamoo yangu waiache!

Baba yako


Kishapu, 30 Agosti 2024

Mayu, hujambo?

Miezi sita kimya. Donatus kaniambia ulikataa kusaini, karakana ina kufuli, nawe unajificha ndani kama umeiba. Umeiba nini? Juzi kijana wa hao wa mjini alikuja kuichungulia mashine yangu. Ikamwamkia. Akaandika “poa”. Ikamnyamazia. Akaandika “niaje”. Wapi! Jasho lilimtoka, nami nikamkaribisha uji.

Mashine uliyoiunda wewe inaniamkia kila asubuhi. Wewe mwenyewe huniamkii. Nikufunike gunia?

Baba yako


Masumbwe, 9 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Mwanao


Kishapu, 15 Septemba 2024

Marahaba.

Haya, fungua.

Baba yako