Baba Alisimama Nyuma Karibu na Mlango

Kamburupitiya, 3 Machi 1979

Binti yangu Indrawathi,

Pokea salamu za wote. Kaka yako Wijepala hajambo, mgongo tu. Mkewe hajambo, mimba ina miezi saba. Shangazi Podihamine anakusalimu, anasema kwenye ile filamu mpya umekonda, kwani huko Kolombo wanakulisha nini? Hata ng'ombe hajambo.

Baba yako kikohozi bado. Jina lako bado halitaji, mwaka wa ishirini na sita huu, tangu uondoke na wale watu wa maigizo bila kumpigia magoti na majani ya tambuu akubariki. Lakini ukisema redioni huacha kutafuna akasikiliza. Nakwambia tu.

Unakula?

Mama yako

Kolombo, 20 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima, nakula. Tarehe saba Aprili tutaigiza jukwaani mjini Matara. Nimeweka humu tiketi mbili, viti vya mbele. Kabla pazia halijafunguliwa, wenzangu huwapigia magoti wazazi wao. Mimi hukipigia kiti kitupu. Filamu zote hizi, na bado nataka baba aninyooshee mkono wa baraka mara moja tu. Akikataa, usigombane naye.

Mwanao, Indra

Kamburupitiya, 12 Aprili

Mwanangu,

Sisi hatujambo, ila baba yako kalala tangu Jumatatu, kifua kimembana, hata uji hauteremki.

Pengine ulichungulia pazia kabla ya mchezo, ukaviona viti vya mbele vitupu, ukadhani hatukuja. Tulikuja. Alikataa kukaa mbele: "Nikaangaliwe kama bwana harusi?" Tukakaa nyuma karibu na mlango, yeye na shati lake la hekaluni.

Taa zilipozimwa nikawa kama naota. Ukatokea na nguo nyeupe, mdogo vilevile kama asubuhi ile uliyoondoka, hata miguu nikaiona kama ina vumbi la njia yetu. Ulipompigia magoti yule baba wa mchezoni na majani yako ya tambuu, baba yako akasimama. Akanyoosha mkono.

"Mzee keti, unatuziba," wakasema waliosimama mlangoni.

"Babu, huo ni mchezo tu."

Nikamvuta upindo wa msuli aliojifunga, wapi. Alikuwa anasema polepole, "Uishi miaka mingi, mwanangu," mkono uko juu, mpaka pazia likashuka. Kisha akataka nyumbani. Kwenye basi alikuwa anatabasamu na dirisha.

Sasa kila asubuhi ananiuliza, "Aliniona?"

Namjibu alikuona.

"Wewe umejuaje? Muulize mwenyewe."

Mimi nakumbuka uliwahi kuniambia kwamba zile taa zikikupiga usoni, watu wote huwa giza tu, kama kuchungulia kisimani. Hilo sijamwambia, wala sitamwambia. Nimemkalisha dirishani, anaangalia njia ya tarishi.

Ulimwona, mwanangu? Nijibu upesi, kwa telegramu. Barua itachelewa.

Mama yako