Kwa Mama Nuru, Mwaka Baada ya Mvua ya Mawe

Mwaka umezunguka, Mama Nuru, tangu siku ile mvua ya mawe ilipokifanya kilima chetu cha Butihinda cheupe chote, nasi tukakubeba mabegani, tusifike nawe hospitali.

Tunakukumbuka ukiwa kwenye cherehani yako pale sokoni, Kadidja binti Rachid. Sare za watoto wa shule ulizishona na pindo refu ndani, ili mtoto akirefuka mama yake afungue tu, asihangaike kutafuta nyingine. Mafundi wenzako walisema unajifukuzia wateja. We ukawa unacheka na pini zako mdomoni.

Nyumbani ulikuwa na kigoda chako cha mlangoni. Yeyote aliyepita, awe ndugu, awe mlevi wa jana, ulimsogezea. Mgeni kusimama kwako ilikuwa aibu.

Siku ile urubura, mvua ile ya mawe, ulikatika mchana, kukawa kimya. Hakuna ndege, hakuna sauti ya jembe, migomba imechanika kama matambara, maharage yetu yote yamelala chini ya barafu. Ulikuwa mlangoni juu ya mkeka, malaria imeshapanda kichwani. Ulimwomba binti yetu Raissa punje ya barafu, ukaimumunya. Halafu ukaniona natoka shambani.

"Baba Nuru," ukasema, "Mungu ametandika shuka nyeupe, na we tayari umeikanyaga na matope yako."

Huo ndio utani wako wa mwisho kwangu.

Nilikuwa nimeshapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Dereva akanijibu kwa sauti ya chini: "Mzee, gari iko, mafuta pia iko. Lakini nimeambiwa nibebe wakubwa waende kuona urubura."

Na kweli walikuja. Gari lenye kitanda cha mgonjwa ndani lilisimama mbele ya mlango wetu, likashusha watu wenye mabuti mapya ambayo hayajawahi kuona shamba. Wakapiga foto maharage yetu. Shefu, mkubwa wao, akamtaka Raissa ashike barafu mikononi, tena aonyeshe huzuni. Mpaka leo nikikumbuka naona kinyaa. Nawe, pamoja na homa yako, ukamwambia Raissa amsogezee shefu kigoda. Akakaa. Nikamwomba gari. Akakuangalia vizuri tu, akasema, "Pole sana, mama." Wakapanda wote, wakaenda kupiga foto kilima kingine.

Majirani zetu Egidius na Nazario wakaleta ingobyi, machela yetu ya kusuka. Tulikubeba tukiteleza juu ya mawe yale. Ulituacha kabla hatujafika barabara ya kwenda Muyinga, na barafu ilikuwa bado haijayeyuka.

Sasa wakubwa wale wametuma ujumbe. Ijumaa, kwenye hitima yako, shefu atakuja kusema neno la faraja, na wanataka awekewe kiti cha mbele. Hawana haya watu hawa. Mi nilishika shoka nikipasue kigoda kile kiwe kuni. Nuru akaniwekea mkono begani.

"Baba," akasema, "mama angemsogezea."

Najua. Basi akija nitamsogezea, pale pale mlangoni, mkeka wako ulipokuwa. Atakaa. Lakini neno hatapewa. Anyamaze, kama kilima kilivyonyamaza siku ile, atusikilize tukikuombea.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Mama Nuru. Unakumbukwa na mumeo Faridi, wanao Nuru na Raissa, dada yako Aisha wa Gitega, na Egidius na Nazario waliokubeba. Unakumbukwa pia na akina mama wa komini nzima ya Butihinda, ambao mwaka huu watoto wao wamerefuka, wakafungua mapindo yako.

Daima uko nasi.